Mlango wa Jikoni wa Bibi Nora

Thornhill, Toronto
Jumapili, mwezi wa tatu

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Nimekaa mezani na koti bado mwilini kwa sababu chumba hakijapata joto, na salamu zako nazitanguliza kabla hata sijavua viatu. Mimi ni mzima. Kikohozi cha Januari kimeniacha, na vidole vya miguu vimerudi kuwa vyangu baada ya baridi kuvichukua kwa miezi mitatu. Wewe u hali gani? Goti lako je? Shemeji bado anabishana na redio? Wanafunzi wako wanakusikia, au siku hizi unawatuliza kwa macho tu? Nauliza yote hayo nikijua utanijibu kwa neno moja, hatujambo, kama unavyojibu siku zote. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike, lakini sitalifikia sasa hivi. Nivumilie, mwalimu. Soma mpaka mwisho ndipo uchukue kalamu nyekundu.

Utashangaa kwa nini karatasi, na simu ipo. Dada, kwenye simu unanishinda. Nikifungua mdomo tu umeshasema mama hajambo, anakusalimia, amelala, mtandao unasumbua, tutaongea kesho. Karatasi huwezi kuikata katikati. Nitampa shemeji yake Bi Shirin anayekuja Tanga kwenye harusi, naye ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Lushoto ashuke nayo hapo Soni. Bi Shirin unamjua kwa hadithi zangu, yule Mhindi mzaliwa wa Tanga anayenipitia na gari kila Alhamisi twende kwenye kituo chao cha Ithnaasheri pale barabara ya Bathurst. Mimi si wa madhehebu yao, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanachouliza ni kama nimekula. Ndani ya gari tunazungumza Kiswahili chetu, yeye na mimi, na watoto wake walioko kiti cha nyuma wanaelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza.

Sasa nikueleze yaliyonipata kwa Bibi Nora.

Bibi Nora ndiye ninayemtunza tangu mwaka juzi. Ana miaka themanini na minne, mjane, hakujaliwa mtoto, na amezaliwa Ayalandi, huko vijijini magharibi, mbali na mji wowote. Alikuja Kanada akiwa msichana na hakurudi kwao isipokuwa mara tatu, mara zote kuzika. Macho yake yamekufa katikati. Anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza uso kidogo, na mgeni hudhani amemkasirikia. Miguu inasumbua lakini ulimi mzima kabisa. Siku ya kwanza alionja uji wangu, akaniuliza kama kwetu tunautumia kubandikia matangazo ukutani. Tangu hapo nikampenda.

Nyumba ya kwao alibaki nayo kaka yake mkubwa. Kaka huyo alifariki mwaka jana, na mtoto wake, ambaye anaishi mjini na hana haja ya ng'ombe, akaamua kuiuza. Mwezi wa kwanza akatuma tangazo. Bibi Nora akaniita nikae karibu naye na tableti yake, nimsomee maneno na nimweleze picha, moja baada ya nyingine.

Tangazo lilisema hivi: nyumba nzuri ya shambani, isiyo na ghorofa, iliyopambwa kwa umaridadi. Bibi Nora akacheka mpaka akashika kifua. Alisema baba yake aliijenga kwa mawe aliyoyatoa shambani, na umaridadi pekee uliowahi kuingia mle ndani ulikuwa kalenda ya duka la mbolea. Nikamweleza picha ya kwanza. Kuta nyeupe, paa la vigae vyeusi, malisho nyuma yake yamepanda kilima, kijani kile ambacho mimi na wewe tunakijua, kijani cha Soni baada ya masika. Akasema ndiyo, ndiyo, hiyo ndiyo. Akanishika mkono.

Kisha akauliza habari ya mlango wa jikoni.

Mlango huo, dada, naomba uuweke akilini. Ulikuwa wa mbao nene, umepakwa rangi ya kijani, kati ya jikoni na sebule. Kila siku ya Krismasi, kabla ya kula, mama yao aliwasimamisha watoto wake watatu kwenye mlango huo, upande wa bawaba, akakata alama kwa kisu juu ya kichwa cha kila mmoja. Kulikuwa na alama za kaka mkubwa, za Nora, na za mdogo wao Donal. Za Donal zilikuwa nne tu, maana alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka sita. Nora alikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha mtoto yule. Nguo zake zilichomwa kwa kuogopa ugonjwa. Kilichobaki kwake duniani ni kaburi lenye nyasi na alama nne za kisu. Na mama yao, kila walipoupaka mlango rangi upya, aliuzungushia ule upande kitambaa ili rangi isifike.

Mimi nilikuwa nimeshaiona picha ya jikoni. Mlango haukuwepo. Hata ukuta haukuwepo. Waliubomoa, wakafanya jikoni na sebule kuwa ukumbi mmoja, kuta rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na juu ya meza bakuli la malimau ambayo nina hakika hakuna aliyewahi kuyakamua. Nikasogeza picha haraka. Chumba cha kulala kina mito mingi kitandani hata mtu akitaka kulala inabidi kwanza ahamishe mizigo. Nikasogeza tena. Picha ya tisa ilikuwa ya uani. Hapo nikauona. Mlango wa kijani umeegemezwa kwenye banda, pembeni kabisa mwa picha, pamoja na sinki kuukuu na mabaki ya mbao, vitu vinavyongoja lori la taka.

Akauliza tena, uso ameugeuza kuelekea dirishani ili anione. "Mlango upo, Zai?"

Dada, unajua tulivyolelewa. Mgonjwa haambiwi. Mtu mzima hapewi habari mbaya na chai iko mkononi. Kwetu hata mtu akiulizwa hali huku nyumba inaungua, anaanza na salama, halafu ndipo anasema ila moto umeshika jikoni. Nilimtazama yule mama, amenishika mkono, uso umemng'aa, na ulimi wangu ukafanya ulichofundishwa.

"Upo, Bibi. Palepale."

Akaniuliza kama alama zinaonekana. Nikasema zinaonekana kwa mbali. Na kwa kuwa nilikwishaanza, sikujua pa kusimama. Nikamrudishia jiko la kuni. Nikamrudishia benchi la baba yake. Nikayaondoa malimau. Kila nilichokiweka, naye aliongeza chake, akaniambia nani alikuwa anakaa wapi, nani alimwaga maziwa wapi akachapwa. Tulikaa mpaka adhuhuri. Nilitoka pale nimejaa furaha, dada, nakuambia kweli. Nilijiona mtu mwema.

Siku ya pili mpwa wake, yule anayeuza nyumba, akapiga simu. Bibi Nora huiweka simu mezani ikasikika chumba kizima. Akamuuliza, shangazi umeziona picha? Bibi Nora akasema ameziona kwa macho ya Zai. Mpwa akamuuliza kama kuna kitu chochote anakitaka kutoka kwenye nyumba, kwa sababu wiki hiyo lori lingekuja kuchukua vilivyobaki uani, na yeye alikuwa tayari kumtumia kwa meli hata kabati zima.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye simu, kikombe mkononi.

Bibi Nora akajibu kwamba hataki kitu. Kila kitu kipo mahali pake, akasema, na kiachwe hapohapo, nyumba iende na vyake.

Nilisema moyoni, nitamwambia akimaliza kula. Alipomaliza kula akasinzia. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake akaamka anaimba. Wewe ni mwalimu, unajua mtoto aliyevunja dirisha anavyoihesabu kesho. Nami nilihesabu hivyo wiki mbili.

Wiki mbili zilipokwisha mpwa akapiga tena kusema nyumba imepata mnunuzi, mtu na mkewe kutoka mjini, watakuwa wanakuja siku za mapumziko. Bibi Nora akapokea vizuri. Akasema ana ombi moja tu kwa hao wageni, wasiupake rangi mlango wa jikoni upande wa bawaba.

Kisha kijana wa watu akasema, kwa sauti ya upole ambayo bado naisikia, "Shangazi, mlango upi? Ule tuliung'oa kabla ya picha. Ulikaa uani mpaka lori likauchukua. Si ulisema hutaki kitu?"

Bibi Nora alimuaga, akatafuta kwa kidole kitufe cha kuzimia simu, akakikosa mara mbili. Sikuthubutu kumsaidia. Akageuza uso wake ule wa pembeni.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Wapi?"

"Uani. Umeegemezwa kwenye banda."

"Ulikuwa mzima?"

"Mzima, Bibi. Haukuvunjika."

Akaweka mikono juu ya magoti. Nikaanza kumwomba radhi, nikamwambia nilimhurumia, kwamba kwetu hatumwambii mtu neno la kumvunja moyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Ungeniambia, ningelia. Halafu ningepiga simu."

Hilo tu. Nililia mimi.

Nilidhani atanifukuza. Niliwaza hata kupiga simu kwa wakala wa kazi niseme wamtafutie mtu mwingine kabla yeye hajasema. Hakunifukuza. Alikaa siku tatu hazungumzi zaidi ya ndiyo na hapana, na uji wangu aliunywa bila kuutukana, jambo lililoniuma kuliko tusi. Siku ya nne aliniita, akaniambia nilete tableti. Nimsomee tangazo lote upya, na safari hii nimweleze kilichopo.

Nilimweleza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya nchi hii, na nimeosha maiti hospitalini. Nikasema ukuta hakuna. Akasema, endelea. Nikasema jiko la kuni hakuna, pamewekwa kioo cheusi cha umeme. Endelea. Benchi hakuna. Malimau yapo, nikayataja, hapo akatabasamu kidogo kwa uchungu, akasema mama yake aliishi miaka themanini na sita bila kununua limau hata moja. Kwenye picha ya tisa aliniambia nisimame hapo. Nimweleze mlango ulivyoegemea, bawaba ziko upande gani, rangi imebanduka wapi. Niliukuza kwa vidole mpaka picha ikawa madoamadoa. Nilitafuta zile alama, dada. Nilizitafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Nikamwambia kweli: hazionekani, Bibi. Picha imepigwa kwa mbali.

Akaomba nimsaidie kusimama. Tukaenda taratibu hadi kwenye mlango wa jikoni kwake hapahapa Thornhill, mlango mweupe mwepesi usio na kitu. Akaniambia nishike penseli. Akasema atanionyesha Donal alipokuwa anamfikia, angalau nitie alama moja. Akaweka kiganja mbavuni mwake, akakifikisha kwenye ubao. Kisha akakumbuka kwamba wakati ule yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Akakishusha. Akakipandisha. Akasema labda hapa. Akasema hapana. Akasimama muda mrefu mkono ukipanda na kushuka, nami penseli mkononi, mpaka mwishowe akauondoa mkono.

"Sijui tena," akasema.

Nikamrudisha kitini. Penseli nilikuja kuiona jioni nikivua aproni. Niliiweka mfukoni bila kujua.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza Bi Shirin yote, njiani, watoto hawakuwemo siku hiyo. Nilitaka aniambie sikukosea sana. Alikuwa anaendesha polepole kwa sababu ya theluji iliyoyeyuka na kuganda tena. Alipofunga breki kwenye taa nyekundu, ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Mie babangu alipokufa waliniambia baada ya arubaini. Eti kwa kuwa nina mimba. Kila nikipiga simu, baba hajambo, baba kalala, baba kenda msikitini. Arubaini nzima, Zaituni. Mimba yenyewe ina miaka thelathini sasa, na kaka yangu sijamsamehe."

Taa ikawaka kijani, akaondoa gari. Mimi nilibaki palepale kwenye taa nyekundu. Baba kalala. Baba kenda msikitini.

Nilipofika nyumbani nilifungua simu, nikatazama picha zote ulizonitumia tangu sikukuu. Kwa Bibi Nora nimejifunza kutazama pembeni mwa picha. Ile ya barazani uliyopiga mwezi uliopita, unaonyesha mpeasi ulivyozaa. Ni kweli umezaa, mashallah. Lakini kushoto, karibu na ukingo, kipo kiti cha mama. Na juu ya kiti cha mama kuna gunia la maharage.

Dada, nani katika nyumba ile angethubutu kuweka gunia kwenye kiti cha mama, na mama yupo?

Nikajituliza. Nikasema labda amelala, wamelipachika kwa dakika mbili. Nikafungua sauti yake uliyonitumia Ijumaa ile, ile niliyoisikiliza ndani ya basi nikalia kwa furaha mbele za watu. Nikaisikiliza tena polepole. Anasema: Zaituni mwanangu, mwaka huu baridi imezidi, nimevaa lile sweta lako la buluu, asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne. Siku ile sikushtuka, kwa sababu huku nako kulikuwa na baridi. Niliona mama yangu na mimi tunatetemeka pamoja, nikafarijika. Sikukumbuka kwamba uliituma mwezi wa pili, na mwezi wa pili Soni ni jua. Mimi nimezaliwa hapo. Baridi ya sweta na ukungu wa saa nne ni ya mwezi wa sita, wa saba.

Sauti ile ni ya mwaka jana. Uliihifadhi, ukanipa kama mpya.

Unamkumbuka kuku wangu mweupe? Nilikuwa na miaka sita. Kicheche alimchukua, na wewe ukaniambia amehamia kwa shangazi, ng'ambo ya mto, kutaga. Mwezi mzima nilimpelekea pumba kwenye kopo. Shangazi naye, kwa kuwa ulikuwa umeshampanga, alipokea kopo mlangoni akasema kuku hajambo, amelala. Nilipojua kweli nilikuwa na miaka kumi na moja na wote tulicheka. Hata mimi nilicheka. Sasa nimekumbuka kwamba ile siku ya kujua, baada ya kucheka, nilikwenda nyuma ya banda nikakaa peke yangu, kwa sababu kumlilia kuku wa miaka mitano iliyopita kulikuwa ni aibu na hamu ya kulia ilikuwepo bado.

Najua kwa nini umefanya, usidhani sijui. Unaogopa nitapanda ndege. Karatasi zangu za ukaazi hazijatoka, na mwanasheria alinionya nisitoke nchini mpaka jibu lije. Umeona miaka minne ya kuosha watu na kukanyaga chumvi ya barabarani isiende bure kwa siku moja ya msiba. Huenda na wengine mmekaa kikao, mjomba akasema mtoto asiambiwe, ana kazi, ana baridi, yuko peke yake. Nawaona mlivyokaa. Nawapenda kwa kikao hicho, na nina hasira nanyi. Mimi mwenyewe nimemfanyia hivyo mtu aliyenikabidhi macho yake, na nilijiona mwema.

Kwa hiyo nakuomba, dada, wewe uliyenibeba mgongoni hadi zahanati, wewe uliyenisomesha kwa kushona vitambaa vya watu. Usiniandikie hatujambo. Anza na lile neno linalokuja baadaye. Anza na ila. Kama mama ni mgonjwa kitandani, niambie ni mgonjwa wa nini, anakula nini, na kama bado anajua jina langu. Kama hasemi tena, mwekee simu sikioni hata hivyo, nitasema mimi. Kama anangoja, niambie anangoja. Nikae au nije, karatasi zipotee au zisipotee, huo ni uamuzi wangu, na siwezi kuuamua nikiwa nimefungwa macho. Huenda hata nitakaa. Lakini nitakaa nikijua.

Bibi Nora leo asubuhi aliniuliza kwa nini sina raha. Nilifungua mdomo niseme hamna kitu. Nikamwambia: sijui kama mama yangu yu hai. Hakunipa pole. Alinyoosha mkono akatafuta mkono wangu mpaka akaupata, akasema, muulize aliyepo pale, na muulize leo. Ndiyo maana barua hii naiandika sasa, koti bado mwilini.

Nisalimie shemeji, mwambie redio haijawahi kushindwa na mtu. Msalimie mjomba fundi cherehani, na kama yeye ndiye aliyeongoza kikao, msalimie mara mbili. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, bado namdai kopo langu. Mtoto wako wa mwisho mpige busu la shavu, na jirani anayetuletea maziwa mwambie huku maziwa hayana harufu ya ng'ombe kabisa.

Na mama. Hapa nimeiweka kalamu chini mara mbili. Kama yupo, liondoe gunia kwenye kiti chake leo hii, umkalishe barazani apate jua, umpe shikamoo yangu ukiwa umepiga magoti kama ningepiga mimi. Kama hayupo, niambie amelazwa upande gani, kando ya kaburi la baba au chini karibu na mpeasi, kichwa kikielekea wapi, na mvua zikianza nani anampalilia. Nieleze taratibu, kitu kimoja kimoja, usiruke.

Nitalia, dada. Halafu nitapiga simu.

Mdogo wako anayesubiri,
Zaituni